Pundamilia Aliyekataa Koti

Simu ilitetemeka kiunoni mwa Hildegarda wakati mtoto wa pundamilia akiwa katikati ya kunyonya chupa. Hakuipokea. Ndani ya lile zizi mtu haruhusiwi kusema, wala kuimba, wala kumpa mnyama jina, maana siku moja atarudi porini, na mnyama aliyezoea sauti ya mtu huko hadumu. Akaiacha simu itetemeke mpaka ikachoka. Maziwa yalipokwisha akajichomoa polepole, akatoka kinyumenyume na kutia komeo. Kilio kikaanza hapohapo, kile kilio chao cha kukatikakatika, kama mbwa mdogo aliyepaliwa.

Aliyepiga alikuwa Skolastika, binti yake wa pekee, aliyeolewa upande wa Berega. Mimba mbili zilikwisha kumharibikia, na hii ya tatu madaktari walipanga kumfanyia upasuaji wiki ijayo. Sasa presha ilikuwa imepanda. Amelazwa, alisema, na watampasua kesho asubuhi. Mume wake yuko mbali kwenye kazi za reli, hawezi kufika. Aliyasema yote hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza kuwa mvua imenyesha.

"Mama, nisikufiche," akasema mwishowe. "Naogopa kuingia mle ndani peke yangu."

"Nakuja leo."

Ilikuwa bado asubuhi. Gari la mwisho la Kilosa huondoka Mikumi mchana, na kutoka Kilosa angepata usafiri wa kumfikisha Berega kabla ya giza. Safari haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa linalia nyuma ya uzio.

Mama yake huyo mtoto aligongwa na lori kwenye barabara kuu inayokatiza hifadhini. Oswald, anayeziba matairi kando ya barabara hiyo na ndiye aliyeanzisha kikundi chao cha kujitolea, alimkuta mtoto amesimama karibu na mzoga, hataki kuondoka. Watu wa hifadhi wakakubali kikundi kimlee kwenye zizi la nyuma ya nyumba ya Oswald mpaka aweze kujilisha. Daktari wa mifugo akawaelekeza namna. Mtoto wa pundamilia anapozaliwa huikariri mistari ya mama yake na harufu yake. Kwa hiyo wakashona koti moja la mistari myeusi na myeupe. Koti lile hukaa msumarini mlangoni na halifuliwi. Aliye zamu hulivaa, na mtoto hulifuata koti, hamfuati mtu. Leo huyu, kesho yule. Ndivyo mnyama anavyolelewa bila kuwa wa mtu.

Utaratibu ulikuwa mzuri, ila wenyewe waliulegeza, tena kwa nia njema. Oswald alikuwa na wateja. Nalepo, mke wa mfugaji, alikuwa na ndama na watoto wa kuangalia. Wengine walikuwa na waume wanaotaka chakula kwa wakati. Kila zamu ilipogongana na shughuli, macho yalimgeukia Hildegarda: Mama Skola, wewe huna anayekusubiri nyumbani, tushikie leo. Tangu marehemu mumewe Gabrieli azikwe, nyumba yake ilikuwa na ukimya wa kumsikia mchwa akila mlango, naye hakukataa. Alijiambia Mungu amempa kazi. Akakosa kusali na jumuiya yake juma moja, kisha likafuata jingine, na rozari akawa anaisali kimoyomoyo amechuchumaa kwenye majani makavu. Baridi ya Julai ilipoingia na mtoto akatetemeka, alivua koti akamfunika nalo, akamkumbatia akiwa na khanga zake tu. Alifanya hivyo watu wakiona. Hakuna aliyemkanya, maana hakuna aliyetaka kuachiwa zamu ya baridi.

Basi mtoto akalisahau koti. Akamjua Hildegarda.

Alipowaambia wenzake habari za Skolastika, Oswald aliacha tairi la mteja limelala chini, akaja mbio. Alivaa koti, likambana tumboni. Nalepo, aliyekuwa ameleta maziwa, akamtazama juu mpaka chini.

"Mzee Oswald, umekuwa kama refa wa bonanza aliyekula pilau la timu zote mbili."

"Endelea tu, kadi yako ninayo mfukoni."

Hata Hildegarda alicheka. Oswald akaingia. Mtoto akanusa pindo la koti, akageuka, akamtupia teke lililompata pajani, kisha akakimbilia upande alikosimama Hildegarda na kuingiza pua kati ya miti ya uzio.

Wakamjaribu Nalepo. Nalepo hana haraka na wanyama. Alikaa chini, akaiacha chupa idondoke tone tone mbele ya mdomo wa mtoto. Hakutazamwa hata mara moja. Wakaona labda Hildegarda ajifiche. Akaenda mbele ya nyumba, na punde akasikia kishindo cha mwili unaojipiga kwenye miti, kikafuatwa na kingine. Aliporudi mbio alikuta damu juu ya jicho la mtoto. Alipoingia tu kilio kikakoma, na ule mwili mdogo ukamwegemea mguuni kwa uzito wake wote.

Hapo ndipo alipoona alivyofungwa. Komeo lilikuwa kijiti tu, mtu analiinua kwa kidole. Akitoka, huyu atajivunja shingo kwenye uzio au atajiua kwa njaa, na daktari alishawaonya kuwa mtoto wa umri huu hawezi kukaa muda mrefu bila maziwa. Asipotoka, Skolastika ataingia chumba cha upasuaji bila mtu wa kwao mlangoni. Jua lilizidi kupanda na gari halimngoji mtu. Alijaribu kusali, maneno yakagoma. Kumwambia Mungu amchagulie yupi kati ya hao wawili aliona ni kumtuma Mungu kazi ambayo yeye mwenyewe anaiogopa.

Oswald akasema kwa unyonge, kutoka nje ya uzio, kwamba Skola si ana mawifi, na Berega kuna wauguzi.

"Binti yako ana watu, Mama Skola. Huyu hana."

Hildegarda hakumjibu, maana alikuwa ndani ya zizi na ndani ya zizi hakuna kusema. Alimtazama tu, muda mrefu, mpaka Oswald akaanza kujifuta mikono ambayo haikuwa na kitu.

Nalepo ndiye aliyefungua mlango na kumtoa. Akamvuta kando, akamweleza kwa sauti ya chini. Kwao ng'ombe akifiwa na ndama hukataa kuachia maziwa. Basi wao huichuna ngozi ya ndama aliyekufa na kumvika ndama mwingine. Ng'ombe akinusa, hulegea. Hapa mambo ni kinyume, aliyefiwa ni mtoto. Koti lina mistari tu, ila mama yake anayemjua yumo kwenye nguo za Hildegarda. Avue khanga zote mbili na kilemba.

"Nikishavua?"

"Unakwenda. Usisimame mbele ya nyumba, usisimame barabarani. Akijua upo karibu hatanikubali."

"Na asipokukubali?"

"Sijui, mama. Ng'ombe wengine hukataa."

Angependa kuambiwa vingine. Walibadilishana nyuma ya banda la kuku; khanga na kilemba vikaenda juu ya koti la mistari, naye akabaki na gauni lake na shuka nyekundu ya Nalepo. Alipokuwa akichukua mkoba kilio kilikuwa kimekwisha kuanza. Akatembea. Kishindo cha kwanza kilimkuta mbele ya duka la dawa. Cha pili hakuwa na hakika kama alikisikia au alikuwa akikiwaza.

Njia ya Kilosa ina mashimo, na sehemu kubwa haina mtandao. Alizivuta shanga za rozari chini ya shuka, na katika kila Salamu Maria alimwona mmoja, kisha mwingine, wote wawili wamelala chini. Kilosa mtandao uliporudi alimpigia Nalepo. Simu ikaita mpaka mwisho. Akajifariji kwamba hiyo ni ishara kuwa Nalepo bado yumo zizini, bado anajaribu. Zaidi ya hapo hakuthubutu kuwaza.

Alifika Berega jua likiwa linazama. Skolastika alikuwa amevimba uso na miguu, lakini alipomwona mama yake mlangoni alijiinua kwa kiwiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Lala, lala."

"Ndiyo nini hiyo? Umeolewa Umasaini na hukutualika?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka, na Skolastika akacheka hata akajishika tumbo. Kisha akauliza habari za yule mnyama. Hildegarda akamjibu kuwa ameachiwa mtu, akaanza kumkanda miguu.

Wauguzi wakiwa wanabadilishana zamu, Nalepo alipiga simu. Alikuwa amekauka sauti. Mtoto amekunywa, alisema. Alijipiga mpaka akaishiwa nguvu, akalala, alipoamka akazinusa khanga muda mrefu sana, halafu akaikamata chupa kama mtu mwenye hasira. Jicho limevimba lakini linaona. Oswald atapokea alfajiri na nguo hizohizo, apende asipende, na mke wa Ditram, naye wa kikundi, baada yake. Mtoto akishazoea mikono yao, khanga zitaondolewa, libaki koti.

"Na mimi nikirudi?"

"Ukirudi, mama, usije zizini. Hata njia ya nyuma ya nyumba usipite. Mpaka siku atakapopelekwa porini."

Hildegarda akasema ameelewa. Kwa kweli ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu siku ya kwanza. Akauliza jambo moja tu, kama mtoto alilia sana.

"Alilia. Halafu akaacha."

Alimshukuru Nalepo, akamshukuru na Mungu, na shukrani zote mbili zilikuwa za kweli.

Skolastika alikuwa amepitiwa na usingizi, mkono wa mama yake ameushika kwa mikono yote miwili, juu ya tumbo. Muuguzi akapita, akamwambia bibi kuna mahali pa ndugu kujinyoosha huko nje, akapumzike, watamwita asubuhi. Hildegarda akajaribu kuutoa mkono. Vidole vya binti yake vikakaza. Akamwambia muuguzi asijisumbue, akalisogeza benchi karibu na kitanda kwa mguu, akakaa.