Jenerali wa Mguu Mmoja

Usiku wa jana niliota nimekuwa jaji wa sanamu ndogo za askari wa vita vya zamani, kila mmoja kimo cha kidole. Bi Mwanamvua, mwenye mashindano, ananipa rula na sheria mbili: urefu wa askari uwe sawa na vichwa vyake saba, na kila mmoja asimamie uzito wake bila kuegemezwa.

"Atakayeshindwa anayeyushwa," anasema, akikoroga bati lililoyeyuka katika sufuria jikoni.

Naanza na Jenerali. Amesimama mezani kwa mguu mmoja, upanga mbele. Nampima. Vichwa vinne.

"Kichwa chako kikubwa mno, Jenerali."

"Kilikuwa cha kawaida. Kila nikipandishwa cheo, kinaongezeka."

"Na kwa mkao huu ungeshaanguka."

"Mimi sianguki. Mimi ni Jenerali."

Nachungulia nyuma yake. Kuna mpagazi, kreti la risasi kichwani, bega lake limeegemeza makalio ya Jenerali.

"Unaitwa nani?"

"Kingalu, Bwana Jaji. Ila kwenye kibao tumeandikwa 'Jenerali' tu."

"Mbona umepinda? Mkao wako mbovu."

"Nikinyooka, shujaa atalala chini."

"Sheria ni sheria. Nyooka."

Kingalu anatazama sufuria, anamtazama Jenerali, kisha anatua kreti na kunyooka. Jenerali anaanguka, kichwa kikitangulia. Kishindo chake ni cha kifuniko cha birika.

Meza sasa ni uwanja wa vita, nami nina kimo cha kidole, nyasi za plastiki zimenifika kiunoni. Askari wa pande zote wanashusha bunduki.

"Vita vimekwisha?" anauliza adui mmoja.

"Hatujui," wanajibu wenzake. "Tulikuwa tunapigania nini?"

"Nakata rufaa!" Jenerali anapiga kelele kutoka chini. "Jaji naye apimwe!"

Bi Mwanamvua ananipima. Vichwa vitano.

"Ulikuwa na cheo gani kabla ya ujaji?"

"Sikuwa nacho."

"Ndiyo maana kichwa kimekua kwa kasi."

Askari wananipaka gundi wayoni na kunibandika mahali pa Jenerali, mguu mmoja, mkono mbele. Naanza kuinama.

"Kingalu! Njoo unishike!"

"Samahani, Bwana Jaji," anajibu kwa mbali, mikono mitupu, akienda zake. "Nasimamia uzito wangu."

Nikaanguka, nikaamka sakafuni. Mke wangu alikuwa amepiga magoti, ameinamia wayo wangu wa kulia, ambao ulikuwa umeota nyasi za plastiki.

"Usitikisike, Baba Hidaya," alisema. "Gundi haijakauka."