Pole kwa Kijerumani

Siku Wema alipoisikia sauti yake mwenyewe kwa mara ya kwanza, alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na mtoto aliyelala mgongoni. Alikuwa kwenye stoo ya ofisi, hedifoni masikioni, mbele ya kompyuta iliyozungukwa na magunia ya unga. Programu ile ya Kijerumani ilikuwa na ujanja wake: mwalimu wa ndani ya mashine anatamka neno, wewe unalifuatisha, kisha mashine inakurudishia yote mawili, lake na lako, ujipime. La mwalimu lilitoka limenyooka kama uzi. La Wema lilitoka na Kiha chote cha kwao Rusimbi. Penye "l" pana "r", penye "r" pana "l".

"Kumbe ndivyo ninavyoongea?" aliuliza, akizivua hedifoni.

"Siku zote," alisema Januari, mtunza stoo, bila kuinua macho kwenye karatasi zake. "Sisi tumeshazoea. Endelea, Mama Noel. Hiyo sidii haina fimbo."

Sidii yenyewe iliachwa na Mjerumani mmoja aliyemaliza mkataba. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, Warundi wanavuka mpaka kwa miguu, Wakongomani wanavuka ziwa, na Kigoma mjini kila nyumba yenye geti jipya ni ofisi ya shirika. La kwao lilikuwa la Wajerumani, likipeleka chakula kambini kwa malori yanayopanda njia ya Kidahwe kuelekea Kasulu. Wema alipika chai na kupiga deki. Lakini alikuwa amesoma madarasa ya jioni mpaka akapata cheti, huku ana mimba na huku ananyonyesha, na moyoni alikuwa na jambo moja: meza ya mapokezi. Msichana aliyekuwa akikaa pale alikuwa ameolewa Tabora. Madamu Hannelore, mkuu wa ofisi, alitangaza kwamba Jumatatu atawasikiliza wanaoitaka, na mwenye Kijerumani, hata cha kuombea maji, atafikiriwa kwanza, maana wageni wa kutoka kwao walikuwa hawaishi.

"Unakijua kweli?" watu walimuuliza Wema.

"Nakijua," alijibu. Hakusema yuko somo la nne, na kwamba hilo la nne analirudia.

Wiki hiyohiyo, kabla Jumatatu haijafika, habari ikaingia kwa simu: mama yake Madamu Hannelore amefariki huko kwao. Ndege ya kumwahisha mazishini haikupatikana. Madamu akafunga mafaili, akaenda nyumbani kwake kule juu ya ziwa, akajifungia.

Sasa mtu akifiwa ugenini, wenyeji ndio ndugu. Watu wa ofisi wakakutana jikoni kwa Wema kupanga kwenda kumhani.

"Nitasema mimi, kwa Kiingereza," alisema Aikande, mhasibu, mtu wa Moshi, ambaye Kiingereza kilimtoka kama anamimina maji.

"Kiingereza ni cha ofisini, dada," alisema Januari. "Kwenye msiba mtu anasikia kwa lugha ya mama yake. Na Mama Noel si tunaye?"

Wote wakamgeukia Wema. Aikande akamtazama kuanzia kandambili mpaka kitambaa cha kichwani.

"Unajua au hujui? Maana msiba si mahali pa kujaribia."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Najua," alisema Wema.

Watu walipotawanyika alikimbilia stoo. Ndani ya programu mlikuwa na kamusi: unaandika neno la Kiingereza, inakupa la Kijerumani. Kiingereza chake kilitoka kwa Mwalimu Telesphory wa masomo ya jioni, aliyekuwa akisema, "Pole ni sori, samahani ni sori. Waingereza hawa hawana maneno mengi," na darasa zima likacheka. Wema akaandika neno la Mwalimu Telesphory. Mashine ikatema neno refu kama treni ya Dar: Entschuldigung.

Alilitazama mpaka akaona shule katikati yake. Januari aliwahi kumwambia kwamba shule ni neno tulilochukua kwao. Basi akalishika hivyo: en, shule, digungu. Alilisema akiosha vikombe. Alilisema akimbadilisha Noel nepi. Alilisema barabarani, mkono kifuani, kichwa kimeinama kidogo, kama inavyopasa.

Walimkuta Madamu amesimama mlangoni, macho yamevimba, hajui nini kinaendelea. Wanawake wakavua viatu, wakaketi barazani kwenye sakafu. Wanaume wakasimama kwenye bustani. Kutoka bustanini Januari akampa Wema ishara ya kichwa.

Wema akainuka, akasogea mpaka mbele ya mfiwa. Mkono kifuani. Akavuta pumzi.

"Entschuldigung," alisema.

Madamu Hannelore akamtazama. Kisha akajisogeza pembeni, akampisha.

Wema hakuelewa. Labda hakusikika. Akamfuata kulekule alikosogea, akainama zaidi. "Entschuldigung, Madamu. Entschuldigung sana."

Madamu akajibana ukutani kabisa, njia ikawa nyeupe, akamwonyesha kwa mkono ndani ya nyumba. "Choo," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokota, kwa upole kabisa, "mwisho, mkono kushoto."

Nyuma yake Wema alisikia mtu anakohoa kikohozi kisicho kikohozi. Angefanya nini? Angesema nini, na kwa lugha gani? Maneno yote aliyokuwa nayo, ya Kiha, ya Kiswahili, ya masomo ya jioni, yalimkimbia. Akaenda chooni. Msemaji wa msiba, aliyechaguliwa na watu, alipita mbele ya mfiwa akaingia chooni, akafunga mlango kwa komeo, akasimama humo akiangalia taulo. Alipoona watu watashangaa, akavuta maji. Kupitia dirishani akamsikia Aikande akitoa pole kwa Kiingereza, neno kwa neno, safi, na Madamu akishukuru.

Kesho yake hata mlinzi alijua.

"Mama Noel!" Gervasi alimpokea getini. "Mwisho, mkono kushoto!"

"Mwacheni," alisema Aikande akipita na mafaili yake. "Wahenga walishasema, msiba wa kujitakia hauambiwi pole."

Januari peke yake hakucheka. Alikuja jikoni, akasimama akigeuzageuza kofia. "Nimekuingiza mimi," alisema. "Ile kompyuta iko wazi, njoo tutafute lile neno lilikuwa na maana gani."

"Sitaki tena kuiona."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu nina vikombe vya kuosha."

Jumamosi alishuka Katonga kununua dagaa, na kila muuzaji aliyecheka, alihisi anachekwa yeye. Nyumbani alimsimulia mama yake, Bibi Leonia, akidhani atapata wa kumlilia. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, Noel akimvuta hereni.

"Kwa hiyo pole haikufika," alisema.

"Mama, nakwambia nimeaibika mbele ya ofisi nzima!"

"Nimesikia. Umeaibika. Mimi nauliza la yule mfiwa. Umeingia kwenye msiba wake, umetumia choo chake, umetoka hujasema kitu. Ndivyo nilivyokulea?"

"Wenzangu walisema."

"Wenzako walisema zao." Bibi Leonia akampakata Noel upande wa pili. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Wewe umezaa tayari. Unaficha nini?"

Jumatatu Wema aliingia wa mwisho, baada ya wasichana wawili waliovaa viatu vya kisigino. Madamu Hannelore alimwonyesha kiti, akatabasamu, akamuuliza jambo kwa Kijerumani. Lilikuwa swali refu, na ndani yake hapakuwa na hata pa kushika. Wema alijua kusema "ja", ndiyo yao. "Ja" ingemvusha mpaka swali linalofuata.

"Madamu," alisema kwa Kiswahili, polepole ili aeleweke, "sijui Kijerumani. Niko somo la nne. Nilidanganya watu." Uso ulimwaka mpaka masikio. "Na siku ile sikuja kutafuta choo. Nilikuja kukupa pole."

"Pole?"

"Pole ya mama. Mashine iliniambia, pole ni Entschuldigung."

Madamu Hannelore akaziba mdomo kwa mkono. Kicheko kikapenya vidoleni, akajaribu kukirudisha, kikamshinda. Akacheka mpaka akalaza kichwa juu ya meza, na alipokiinua hakuwa anacheka tena, machozi yalikuwa yakimtiririka kweli.

"Hiyo ni samahani," alisema. "Samahani, nipishe. Mimi nikasema, maskini Wema, anaumwa tumbo, amekuja hivyohivyo! Nilikuwa na wasiwasi na tumbo lako." Akajifuta. "Pole ya kifo, sisi tunasema mein Beileid."

"Main bairaiti," alisema Wema.

Alijisikia mwenyewe, "l" imeshageuka "r", bila mashine kumrudishia. Madamu hakumsahihisha. Alipokea kwa kichwa, kisha akasema, "Lakini meza ya mapokezi, Wema, siwezi kukupa. Bado."

"Najua, Madamu."

Alijua, na bado ilimchoma. Angeweza kuinuka hapo. Mwingine angeinuka. Lakini pole haitupwi mlangoni ukaondoka. Mtu huketi akamuuliza mfiwa habari za marehemu, aliumwa nini, aliacha wangapi, alikuwa mtu wa namna gani. Kati ya yote hayo somo la nne lilimruhusu swali moja tu.

"Wie heißt Mama?" aliuliza.

Lilipokwisha kumtoka ndipo akashtuka. Amesema "anaitwa nani", sio "aliitwa nani". Mashine ilikuwa haijamfundisha mambo yaliyopita. Kwake kila mtu wa Kijerumani alikuwa bado yuko. Aibu ikampanda upya, kubwa kuliko ile ya barazani, akafumbua mdomo ajirekebishe na hakuwa na cha kujirekebishia.

Madamu Hannelore alikuwa akimtazama.

"Mama heißt Irmgard," alijibu taratibu, kama anavyojibiwa mtoto au mgeni. Anaitwa. Hakulirudisha nyuma.

Kisha akaendelea, kwa Kijerumani, bila haraka, mikono ikichora hewani kitu kama bustani, kitu kama baiskeli. Wema aliokota neno huku na neno kule, mengi yakampita, naye akayaitikia yote kwa "mmh", kama watu waitikiavyo msibani. Aikande akagonga mlango akitaka saini.

"Subiri," alisema Madamu.

Wema akakivuta kiti karibu na meza.