Lala Salana

Shemeji yangu tulimwita Toleo, maana hakuna toleo jipya la kitu chochote lililompita. Asubuhi ile aliingia kwenye kibanda chetu cha kutengeneza simu akiwa ameinua yake juu kama refa mwenye kadi.

“Njoo uone mapinduzi!”

Nilikuwa nimeinamia simu ya mteja iliyofuliwa pamoja na suruali. “Mapinduzi gani tena?”

“Apdeti! Mfumo mzima mpya.”

Nikaipokea, nikaipekua. Saa imehama kutoka kulia kwenda kushoto. Pembe za vitufe zimefanywa mviringo. “Shemeji, hawa wamesogeza kabati, wewe unashangilia nyumba mpya.”

“Wivu huo. Kibodi inakumalizia sentensi, na haikosei tahajia hata kidogo!”

Nikamrudishia simu yake. “Simu ya mama ilimaliza sentensi zamani, bila makelele.”

Hapo akaitia yake mfukoni. Aliijua simu hiyo.

Mama alikuwa fundi cherehani. Kidole gumba chake kilikuwa kipana, kigumu kwa miaka ya sindano, na kwenye kioo cha simu hakikuwahi kutofautisha m na n. Kila jioni alituandikia wote: “Lala salana.” Baba, msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini, alikuwa akimjibu kwa ujumbe ilhali wamekaa kochi moja: “Salama. Kwa m.” Naye mama: “Umeelewa au hujaelewa?” Tukisikia kicheko cha sebuleni, tulijua wameanza.

Simu ikalizoea kosa lake. Tangu mama atutoke, baba ndiye anayeitumia. Akiandika “lala”, neno “salana” linajitokeza lenyewe. Nilishamkuta akiandika na kufuta, akiandika na kufuta, bila kumtumia mtu.

Sasa baba akaingia kibandani nayo mkononi, kalamu nyekundu bado mfukoni mwa shati ingawa alistaafu kitambo.

“Mwanangu, ile programu ya ujumbe imegoma kufunguka. Inadai kwanza apdeti ya mfumo mzima. Dada yako ametuma video, mtoto ameanza kutembea.”

“Mimi mwenyewe nimeitazama mara ishirini, baba,” alisema Toleo, na uso wake ukalainika. Mkewe, yaani dada yangu, na mtoto walikuwa mbali, kikazi, kwenye nchi ambayo jua lilikuwa linazama sisi tukinywa chai ya asubuhi.

“Usiiguse!” nikafoka. “Kibodi hii mpya italifuta neno la mama. Tazama kwenye simu yangu, baba.”

“Kwenye yako nimetazama mengi. Huyu nataka atembee ndani ya hii.”

“Kwa ajili ya vitufe vya mviringo?”

“Kwa ajili ya mjukuu wangu.” Akaiweka mezani mbele yangu. “Fanya.”

Nikafanya, kwa hasira. Mstari mwembamba ukawa unasogea kwenye kioo, na sisi watatu tunautazama. Baba akakumbuka simu yao ya kwanza, ya vitufe, ambayo herufi moja uliibonyeza mara tatu. “Mama yako alinitumia neno ‘njoo’ likamchukua dakika nzima. Nilikuwa chumba cha pili.”

Simu ikawaka. Video ikafunguka: mtoto akapiga hatua nne, akakaa kwa makalio, akajipigia makofi. Baba akairudia mara tatu. Kisha akaanza kumjibu dada: “Lala...”

“Salama,” ikapendekeza simu.

Nilimkodolea Toleo macho. Yeye akatazama chini.

Baba akaandika s-a-l-a-n-a kwa kidole kimoja. Simu ikasahihisha. Akafuta, akaandika tena. Ikasahihisha tena.

“Nikusaidie, baba?” nikamuuliza.

“Acha.”

Mtu aliyewasumbua waandishi wazima kwa nukta moja alikuwa amekunja uso, akipigania kosa. Mara ya tano simu ikasalimu amri. “Lala salana.” Akatuma.

“Mnaona?” Toleo alisema taratibu. “Inafundishika.”

“Hilo nalo si jipya,” nikamjibu, lakini sauti yangu haikuwa na moto.

Jibu la dada likaingia: “Baba! Salana? Wewe??”

Baba akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaandika: “Salana. Kwa n.”