Faili Halikupatikana, Mama Hakuondoka

Mke wangu ni mkutubi, mimi ni dereva wa lori mstaafu. Nyumbani kwetu mmoja husoma, mwingine huongezea chumvi. Hili la leo nimelitia kidogo tu.

Makao makuu walitaka kila maktaba iingize orodha ya vitabu vyake kwenye kompyuta kubwa iliyoko kwao. Tawi lisiloingiza lifungwe, vitabu vibebwe. Mama watoto akaandika orodha mpaka macho yakawaka kama taa za breki. Akahifadhi faili kwenye mashine yake, akafungua ukurasa wa kuingizia, akaandika njia ya kulifikia, ile inayoanza na C na nukta mbili. Jibu: faili halikupatikana. Akarudia. Halikupatikana.

Siku ya mwisho, nami nikiwa pale maktabani, mkurugenzi wa makao makuu akaja na lori tupu na wabebaji. Akapita moja kwa moja hadi kwenye rafu.

"Mama, kompyuta inasema huna orodha."

"Basi ina chongo. Faili hili hapa, nalikodolea macho!"

"Mfumo haudanganyi."

"Kwa hiyo mwongo ni mimi?"

Mke wangu akavuta kiti, akakiweka katikati ya mlango, akakaa. Wabebaji nje, mkurugenzi ndani.

"Atakayetoa kitabu aanze kunitoa mimi. Na mimi mzito, muulizeni huyu."

"Nimewahi kubeba tembo wawili walionuniana," nikawaambia, "lakini huyu sithubutu."

Mkurugenzi akampigia fundi wa makao makuu, akafungua spika ili tuaibike wote.

"Njia ni sahihi," fundi akasema. "Nimeifuata herufi kwa herufi. Hakuna kitu."

"Umeifuata kutokea wapi, mwanangu?" nikadakia. "Kuna bwana aliniagiza kitanda, nyumba ya tatu kushoto. Kushoto kwake ni akiwa anatoka, mimi nilikuwa naingia. Nikamfikishia mjane, akanikaribisha chai, na kitanda..."

"Baba watoto, ishia hapo hapo!"

Fundi akaangua kicheko.

"Lo! Mama, nimekuwa nikitazama C ya hapa kwetu. Kila mashine ina C yake. Kompyuta kubwa inapekua mifuko yake yenyewe, yako haiioni! Nakili faili kwenye folda ya pamoja ya mtandao, ile ambayo mashine zote zinaiona. Halafu anza njia kwa vistari viwili vilivyoinama nyuma, ufuate jina la mashine yenye folda hiyo."

"Muda umekwisha," mkurugenzi akasema. "Pakieni!"

"Hauishi mpaka niinuke," mke wangu akajibu. "Na siinuki. Baba watoto, nisogezee kompyuta."

Nikaburuta meza, skrini na nyaya zake zote mpaka mlangoni, mgongo ukilia kama gia mbovu. Akanakili, akaandika njia mpya, akabonyeza. Wabebaji wakachungulia juu ya bega lake kama wanaotazama mpira.

"Vinaingia!" fundi akapiga kelele. "Vyote vinaingia!"

Wabebaji wakashangilia. Mkurugenzi akarekebisha tai, akasogea mlangoni.

"Nipishe, mama, nina kikao."

"Sema kwanza faili lilikuwepo."

"Lilikuwepo," akanong'ona.

"Wa nje hawajasikia."

"Lilikuwepo!"

Hapo ndipo akainuka, taratibu kweli kweli. Lori likarudi tupu, isipokuwa kitabu kimoja: mbebaji mmoja alikiazima, na kadi yake mke wangu aliijaza mbele ya mkurugenzi.