Kaherufi Mbele ya Home

Jamani, nikikaa na hili jambo mpaka kesho nitapasuka. Mama Mkubwa kahamishwa! Na kilichomponza ni Kiingereza chake mwenyewe.

Ngoja nianze vizuri. Mama Mkubwa ni dada yake mama yangu, fundi cherehani, mjane, mdomo haukauki. Anaishi kwa mwanawe wa pekee, ambaye mimi namwita Kaka, na mimi nimejibanza hapo hapo kwa sababu chuo kiko karibu. Mwenye nyumba hasa ni Wifi, mke wa Kaka. Wifi Kiswahili anakijua, tena kile cha kutukania anakijua kutuzidi sote, ila watoto kawalea kwa Kiingereza kitupu. Wale mapacha wakiongea na bibi yao utadhani wanaongea na paka, ishara na nusu neno.

Ndo Mama Mkubwa akaamua. "Wajukuu wa damu yangu wananiuliza 'what' kutwa nzima! Nitaisoma hiyo 'what' mpaka ikome." Akajiunga na darasa la jioni la watu wazima, kwenye ukumbi nyuma ya benki.

Nyumba ikageuka shule. Anakanyaga cherehani huku anafundisha. "Wewe wa chuo, unajua tofauti ya 'hear' na 'listen'? Wifi yako ana-hear, sauti inampita tu. Ha-listen." Mara, "'Look' unaangalia kwa kukusudia. 'See' ni jicho tu limekutana na kitu. Mimi humu ndani wanani-see tu." Wifi yuko pale pale kwenye kochi, anapaka kucha rangi.

Neno alilolipenda kuliko yote ni "home". "Mwalimu kasema 'house' ni kuta na bati. 'Home' ni pale ambapo ukichelewa kurudi, mtu anauliza uko wapi. Sisi kila kitu nyumba, nyumba." Nikamwambia mbona tuna neno 'nyumbani'. Akasema nisimchanganye.

Sasa sikieni. Wifi alikuwa sebuleni anaongea na dada yake kwenye simu, sauti juu, maana kazoea kwamba akiongea Kiingereza mama mkwe ni kama hayupo. "Finally! We've found her a home." Mama Mkubwa alikuwa kwenye korido na nguo za kupasi. Nguo zote chini.

Akaja chumbani kwangu anacheza. Narudia, anacheza, na magoti yale! "Wamenitafutia home! Si house, home! Tunahama! Nimesikia, tena nime-listen!"

Nikamvutia kiti. "Mama Mkubwa, hebu kaa. Kasema 'home' au 'a home'?"

"'A home'. Kwani?"

"Hiyo 'a' ndo mbaya. Hapo 'a home' ni pale wanapopelekwa wazee wakichokwa."

Akaniangalia kama nimemmwagia mchanga kwenye chai. "Kaherufi kamoja? Kaherufi kadogo vile ndo kageuze mapenzi kuwa kutupwa? Mwanangu, chuo kinakuharibu. Sema tu una wivu, hujatajwa."

Nikamfuata Kaka, alikuwa anaosha gari. "Mwambie mwenyewe. Mama yako anadhani mnahama naye."

Kaka akazidi kusugua tairi. "Kafurahi?"

"Kafurahi mno."

"Basi mwache afurahi."

Wifi alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akashika kizingiti. "Maskini! Maneno kayajua, sarufi imempita. Na wewe mwanafunzi, ukiendelea na kiherehere, vyumba vya kupanga vimejaa tele mjini."

Wiki nzima Mama Mkubwa akashona mapazia. Ya sebule, ya jikoni, ya mapacha yenye picha za bata. Wateja akawaaga mmoja mmoja, "Home, si house," na wao wakampigia makofi, masikini, wasijue. Alipomaliza, Wifi akamwambia kwa Kiswahili laini ambacho sijawahi kumsikia nacho, "Cherehani mpe jirani, mama. Kule hutaihitaji." Akampa. Tena akaifuta vumbi kwanza.

Jana ndo tumempeleka. Kakaa kiti cha mbele, gauni jipya, kila nyumba nzuri tukiipita anauliza, "Ni hii?" Mapacha nyuma wanacheka. Tukafika kwenye jengo refu lisilo na ghorofa, safi, siwezi kusema uongo, linanuka dawa ya sakafu. Mhudumu mwenye aproni akatoka. "Karibu, bibi. Kitanda chako kiko tayari."

Mama Mkubwa akachungulia kushoto, akachungulia kulia. Mlango, kitanda, kitanda. Mlango, kitanda, kitanda. Akamgeukia Kaka.

"Na nyie mtalala wapi?"

Kaka akafungua mdomo. Naapa nilidhani atasema. "Tunakwenda kuleta vitu, mama."

"Haya. Fanyeni upesi, watoto wasije wakalia njaa."

Mapacha wakampungia mkono kupitia dirisha la gari, na yeye akawajibu "see you", kaitamka vizuri kabisa. Mimi nikambebea begi hadi chumbani. Kwenye kitanda cha dirishani kulikuwa na bibi mwingine, anamenya chungwa. Kabla hajaulizwa chochote, Mama Mkubwa akawahi. "Mimi ni wa muda tu hapa. Mwanangu kaenda kuleta vitu."

Yule bibi akampima kuanzia kilemba mpaka viatu, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Wa kwangu alikwenda kuleta mto. Shika hicho cha ukutani, shoga. Hiki cha dirishani nimekirithi juzi, na sikitoi."

Mama Mkubwa akakisogelea cha ukutani. Akakaa ukingoni mwa kitanda, gauni lake jipya akalitandaza vizuri magotini lisijikunje. Nje Wifi akapiga honi, akapiga tena, ananiita mimi.

"Kimbia, mwanangu," akasema, bila kuniangalia. "Wasije wakakuacha na wewe."