Mpini Mwekundu

Siku ya majaribio wafanyakazi wote waliambiwa wauvute mpini mwekundu, mmoja mmoja, wajionee kiwanda kizima kinavyosimama. Wakauvuta huku wakicheka na kusukumana. Ilipokaribia zamu ya Koleo, akasema tumbo linamkata, akaenda chooni na kujifungia humo mpaka aliposikia wenzake wakitawanyika. Binti yake, Cheche, alimwona akitoka bila kuvuta maji. Hakumwambia mtu.

Mpini wenyewe ulifungwa kwenye nguzo, usawa wa bega, jirani kabisa na mahali Koleo aliposimama kila siku. Kazi yake ilikuwa kufunga ndoano ya kreni kwenye kapu la chuma chakavu, kulituliza lisipepesuke, kisha kuliachia lipande. Juu, ndani ya kibanda cha kreni, alikaa rafiki yake wa siku nyingi aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima. Na kule mbele, kwenye mdomo wa tanuri, alisimama Cheche, na koti lake la ngozi na kioo cha uso, akimwonyesha Redio kwa mikono lini alete kapu na lini amwage. Cheche alikuwa mtoto pekee wa Koleo aliyebaki hai.

Walichoyeyusha ni mabaki ya vita: milango ya malori, mapipa yaliyopondeka, minyororo ya vifaru, nondo za nyumba zilizolala kifudifudi. Lundo hilo lilikuwa limeukalia mji kifuani. Sasa lilikuwa likigeuzwa pampu za maji na vinu vya kusagia, kwa sababu mji ulikuwa bado unachota maji kwa ndoo, na nafaka zilitwangwa kwa mikono kama zamani. Umeme ulitoka kwenye maporomoko ya mto na kwenye vioo vya jua vilivyowekwa juu ya paa, palepale palipokuwa na matundu ya makombora. Moshi ulifyonzwa na kusafishwa. Zamu zilikuwa fupi. Injinia, mwanamke ambaye angeweza kuwa mdogo wake Koleo wa mwisho, alikuwa amewauliza mafundi hata urefu wa meza wanaoutaka ili migongo isiwaume.

Huko kuulizwa ndiko kulikomtisha Koleo. Askari nao, walipokuja kukiteka kiwanda wakati wa vita, walianza kwa kugawa sigara.

Asubuhi hiyo Redio alikuwa mguuni pa ngazi ya kreni, anajinyoosha.

"Koleo, mbona umenuna hivyo? Umefiwa na kuku?"

"Panda ngazi, bwana. Peleka mdomo wako huko juu ukapate upepo."

"Wivu huo. Cheche! Huyu baba yako amelala kweli?"

"Baba hajalala tangu vita viishe," Cheche akajibu akifunga koti. "Anaegemeza kiti mlangoni, halafu anakikalia mwenyewe. Siku mwizi akija atafikiri ni mlinzi wa benki."

Redio akacheka mpaka akashika ngazi.

"Hana adabu huyu mtoto," Koleo akasema. "Vaa vifuniko vyako vya masikio. Na wewe Redio, vaa vyako, kabla hujageuka kiziwi ukazidi kupayuka."

Wakavaa. Vya kwake Koleo vilining'inia shingoni, kama kawaida. Injinia alikwisha kumwonya mara nyingi, lakini Koleo hakuona njia nyingine. Mtu asiyesikia nani anakuja nyuma yake atafanyaje kazi?

Tanuri likaanza kuunguruma. Kapu la kwanza likaenda vizuri, na la pili pia. Koleo akafunga ndoano kwenye la tatu, akalisukuma kidogo kwa kiganja, akainua dole gumba. Redio akalipandisha. Kapu likajizungusha taratibu hewani, na upande uliokuwa umeelekea ukutani ukamgeukia Koleo.

Kati ya vyuma vya kapu palikuwa na pipa lililobonyea. Ndani ya pipa kulikuwa na kitu kimejibanza. Koleo akaona shingo yake, mviringo wake, na kofia ya chuma iliyokazwa juu.

Mtungi wa chuma. Mzima, umefungwa.

Hapakuwa na mtu kiwandani asiyejua maana yake. Wachambuzi wa chuma walifundishwa hilo kabla ya kitu kingine chochote: chombo kilichofungwa hakiingii tanurini. Kikiwa na maji ndani, hata kikombe kimoja, kinapasuka mle ndani, na chuma cha moto kinaruka juu kama matapishi, kinammwagikia aliyesimama mdomoni. Mtungi huu ulikuwa umejificha tumboni mwa pipa, na macho ya asubuhi yakaupita.

Mkono wa Koleo ukafanya kazi kabla ya akili. Ukachomoa spana mfukoni, ukagonga bomba la maji lililopita ukutani. Ko. Ko-ko. Ko. Ko-ko.

Hivyo ndivyo walivyoonyana enzi za askari, walipokuwa wakilazimishwa kusubu makombora kwa chuma kilichoyeyushwa humuhumu ndani. Hukupiga kelele. Hukusimamisha mashine. Ukiona mkanda unakatika au mwenzako anazembea karibu na moto, uligonga bomba, mlio ukakimbia ukuta mzima, na kila mtu akajua aangalie mgongo wake. Watu wengi walikuwa hai kwa sababu ya bomba lile.

Ko. Ko-ko.

Kapu liliendelea kwenda. Redio hakugeuka. Cheche hakugeuka. Koleo akagonga kwa nguvu zaidi, rangi mpya ya bomba ikabanduka, na hapo ndipo akili ilipomfikia: vifuniko vya masikio. Alikuwa amewaambia mwenyewe wavae.

Akapayuka, "Cheche!" Sauti ikamezwa na tanuri. Akataka kukimbia, akaona kapu lingefika kabla yake, na miguu nayo ikakataa.

Mpini ulikuwa pale pale, mwekundu, karibu na bega lake.

Kaka mkubwa wa Koleo ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kusimamisha mashine katika kiwanda hicho enzi za askari. Shati la kijana mmoja lilikuwa limenaswa na mkanda, mkanda unamvuta, na kaka yake akazima umeme bila kuomba ruhusa ya mtu. Kijana akapona. Ofisa wa askari akaja, wala hakufoka. Alimwekea kaka yake mkono begani, akasema kwa upole, "Njoo nje tuongee kidogo." Wakatoka kwa mlango wa nyuma. Ulisikika mlio mmoja tu. Kisha ofisa akarudi peke yake, akaamuru mashine ziwashwe, na zikawashwa.

Koleo aliinua mkono. Ukafika nusu ya njia, ukakwama. Alijiambia askari hawapo, wamekwenda, hata nguo zao zimekwisha chakaa. Mkono haukusikia. Mkono ulikuwa na kumbukumbu zake.

Kule mbele Cheche akainua kiganja, kimeangalia juu: leta. Kapu likasogea mpaka juu ya mdomo wa tanuri, mwanga mwekundu ukalilamba chini. Kiganja kikigeuka, Redio angemwaga. Koleo akaona vidole vya mwanawe vinaanza kugeuka.

Hakuuvuta mpini kwa ushujaa wowote. Aliuangukia. Aliudaka kwa mikono yote miwili akaning'inia mzima mzima, amefumba macho, kama mtu aliyeshika tawi juu ya korongo.

Kila kitu kikanyamaza.

Kreni ikakwama, kapu likawa linapepesuka juu ya moto. Feni zikafa polepole. Mtu mmoja alikohoa upande wa pili wa kiwanda na kila mtu akamsikia. Vijana walivua vifuniko wakawa wanaulizana. Mafundi wa zamani waliinamisha vichwa, kila mmoja akatazama buti zake, kama walivyofanya siku ile.

"Nani kavuta?" Injinia alikuwa anashuka ngazi ya ofisi mbiombio. "Nani kavuta mpini?"

Koleo alikuwa bado ameushika. Akaachia kidole kimoja kimoja. Cheche akamfikia kwanza, amepandisha kioo cha uso, jasho linamchuruzika.

"Baba, umeumia?"

Koleo akavua saa yake ya mkononi, akamtia kiganjani.

"Ya nini hii?"

"Shika tu."

"Baba, ya nini?"

"Mpe mama yako."

Injinia akafika, anahema. Akamtazama Koleo, akatazama kapu, akatazama mtambo wa tanuri uliozimika. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini alijitahidi kusema kwa utulivu, na akamwekea Koleo mkono begani.

"Mzee wangu, hapa pana joto na watu wamejaa. Njoo nje tuongee kidogo."

Koleo hakubisha. Alijiona akigeuka kuelekea mlango wa nyuma, miguu ambayo dakika chache zilizopita ilikataa kukimbia sasa inatembea vizuri tu, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini.

"Mama! Hapana, mama!"

Ilikuwa sauti ya Redio. Alikuwa amechungulia nje ya kibanda, nusu ya mwili hewani. Akashuka ngazi kwa kuteleza, akaja akasimama kati yao na mlango. Miaka yote ile hakuna mtu aliyepata kumwona akitafuta maneno.

"Ongeeni hapahapa," akasema. "Mama, tunakuomba. Hapahapa ndani, mbele yetu."

"Redio, ni kuongea tu. Kuna nini nje?"

Mafundi wa zamani walikuwa wamesogea, wamejipanga nyuma ya Redio bila kuambiana, na mmoja wao, msubu mzee mwenye kikohozi, alikuwa ameushika mlango kwa mkono usionyooka vizuri. Injinia akazipitia nyuso zao moja baada ya nyingine. Akautoa mkono wake begani mwa Koleo taratibu, kama mtu aliyegundua ameshika kitu cha moto.

"Sawa," akasema. "Hapahapa." Akavuta sanduku la mbao, akaketi. "Nieleze, mzee."

Koleo akanyoosha kidole kwenye kapu.

"Kuna mtungi. Ndani ya pipa."

Wakalivuta kapu pembeni kwa mnyororo wa mkono, watu wanne wakisaidiana, wakalishusha sakafuni. Cheche akaling'oa pipa kwa mtaimbo. Mtungi ukatoka, ukaviringika kidogo, ukatulia. Ulipokuwa ukiviringika, kila mtu alisikia: ndani yake kulikuwa na kitu kinacheza. Maji.

Cheche akauangalia. Kisha akaangalia pale alipokuwa amesimama, na mdomo wa tanuri. Akakaa chini palepale, saa ya baba yake ikiwa bado kiganjani.

"Utoeni," Injinia akasema. Vijana wawili wakaubeba kama mtoto mchanga. Alipohakikisha umefika mbali, akamgeukia Koleo. "Mzee, sasa inabidi uniambie. Turudishe umeme?"

Koleo hakuelewa. "Unaniuliza mimi?"

"Aliyevuta ndiye anayerudisha. Si mimi, si mtu mwingine. Ndivyo mlivyokubaliana wenyewe kwenye kikao. Bila kauli yako hakuna swichi itakayoguswa."

"Na chuma kilichomo?"

"Kinapoa," akasema. "Kikiganda humo, kuta za ndani zinapasuka na tanuri limekwisha. Tutasubiri jingine, na mji utasubiri pampu. Sikufichi, naogopa. Lakini Cheche ndiye atakayerudi pale mdomoni, na wewe ndiye uliyeona."

Koleo akatazama kapu. Lilikuwa bado limejaa: mabomba yaliyopinda, vipande vya injini, makopo, vitu vilivyominywa mpaka havijulikani vilikuwa nini. Kila kimoja kilikuwa na tumbo. Alitamani mtu amfokee, amwamuru, ili kama kitu kitapasuka kisiwe cha kwake. Hakuna aliyemwamuru. Kiwanda kizima kilikuwa kimesimama kinamtazama mdomo.

"Baba," Cheche akasema kutoka sakafuni. "Sema tu. Nirudi au nisirudi?"

"Bado."

Akapiga magoti mbele ya kapu. Akatoa kipande cha kwanza, bomba la moshi la lori, akachungulia huku na huku, akakitikisa karibu na sikio, akakiweka pembeni. Akatoa cha pili. Redio akaja akapiga magoti ubavuni pake, wala hakutania. Cheche akaivaa saa mkononi, naye akajongea karibu. Kila mtu alikuwa anasikiliza vyuma.

Nyuma yao, tanuri lilikuwa limeanza kutoa mlio mwembamba, mlio wa kitu kinachokaza.

"Mzee," Injinia akasema. "Muda."

"Bado," Koleo akasema, na akainua kipande kingine sikioni.