Jicho Lisilouma

Muuguzi Paraschiva Tudose alikuwa amekitumikia chumba cha macho kwa miaka ishirini na miwili, na katika muda huo wote hakupata kuchelewa kazini wala kuondoka na hata kipande cha pamba kisicho chake. Hivyo ndivyo alivyojulikana mjini Galați, na hivyo ndivyo alivyojijua mwenyewe, mpaka wiki tatu zilizopita. Asubuhi hiyo alisimama nyuma ya Daktari Olimpia Zamfir, sinia ya vifaa mikononi, akimwangalia mgonjwa wa kwanza akiegemeza kidevu kwenye darubini. Mgonjwa huyo alikuwa Ilarie, mwanawe wa pekee, fundi wa kuchomelea vyuma katika kiwanda cha meli.

"Jicho gani?" daktari aliuliza.

"La kushoto, Daktari. La kulia nalitunza kwa ajili ya wasichana."

"Basi lina kazi nyingi. Tazama sikio langu, usitikisike."

Daktari hakuwa mtu wa pupa. Alianzia nje, kama walivyofundishwa watu wa rika lake: kope na kingo zake, kisha vitundu vya machozi kwenye pembe ya pua. Akaupindua ukope wa juu kwa kijiti cha kiberiti, isije ikawa imejificha humo chembe ya chuma. Hamkuwa na kitu. Lakini weupe wa jicho ulikuwa mwekundu kama nyama mbichi, na wekundu ulikolea zaidi kuizunguka konea, ile ngozi angavu iliyoifunika mboni mithili ya kioo cha saa. Hapo daktari alikawia.

"Umelitia nini?"

"Viazi, Daktari. Vipande vya viazi vibichi, kama mafundi wote."

"Viazi tu?"

"Ukikuta vimebaki humo usivitupe. Nyumbani kuna supu inavingoja."

Daktari hakucheka. Paraschiva aliinamisha macho kwenye sinia.

Hakuna fundi pale kiwandani asiyeyajua maumivu hayo. Mwali wa kuchomelea huiunguza konea bila kuigusa, na ikifika jioni mtu huhisi kama amepakwa mchanga wa moto machoni. Kiazi hupoza, siku mbili za mapumziko huiotesha ngozi upya. Lakini mwaka ulikuwa unakwisha, meli ilitakiwa majini, na Ilarie aliungua mara tatu katika mwezi mmoja. Mara ya tatu alilia kama mtoto. Mama yake alimletea kutoka kabati la hospitali matone ya ganzi, yale yanayotumika wakati wa kupima, akamwambia ni kwa siku moja tu. Tone moja, na maumivu yakatoweka. Siku ya tano alimletea chupa ya pili.

Naye alijua. Konea haina hata mshipa mmoja wa damu. Hulishwa na machozi, huvuta hewa kwa uso wake, na mlinzi wake ni uchungu peke yake. Anayeitia ganzi kila siku amemfukuza mlinzi huyo.

Daktari aligusisha jichoni karatasi yenye rangi ya manjano, akawasha mwanga wa buluu. Katikati ya konea pakang'aa doa la kijani, pana kama punje ya dengu, likiwa limezungukwa na pete nyeupe. Akasokota uzi wa pamba. Alipoligusa jicho la kulia, lilifumba upesi. La kushoto lilibaki wazi, likitazama.

"Hili silipendi," alisema. "Kuna virusi wanaoua neva, mishipa ya kuhisi, namna hii. Tutaanza na dawa yao, uendelee nayo nyumbani. Lakini kwanza nitakwangua kidogo, nipeleke maabara. Sista, mtie ganzi."

Ilarie alimkonyeza mama yake kwa jicho zima. Maana yake ilikuwa wazi: nyamaza. Siku hizo mwizi wa dawa za hospitali alifikishwa mahakamani, acha kufukuzwa kazi. Lakini Ilarie akirudi nyumbani na dawa ya virusi, na chupa ile bado i mfukoni mwake, haitapita wiki kabla ya konea kukonda na kutoboka. Paraschiva alifungua kabati, akaishika chupa, akairudisha mahali pake.

"Haihitajiki, Daktari."

"Kasema nani?"

"Ameshatiwa. Kila saa, wiki tatu sasa. Nilimpa mimi, kutoka kabati hili."

"Mama amechoka, Daktari," Ilarie alisema. "Hajalala vizuri."

"Itoe hiyo chupa iliyo mfukoni," mama yake alimwambia. "Itoe mwenyewe, nisije nikakupekua mbele ya watu."

Aliitoa. Daktari aliishika kwenye mwanga, akaiweka mezani taratibu.

"Paraschiva, mimi ningekuachia ufunguo wa nyumba yangu."

"Najua."

"Kesho utayaandika haya kwa mkono wako."

"Nitayaandika leo."

Daktari akamgeukia kijana. "Tone la mwisho ulitia lini?"

"Saa kumi na mbili, kabla ya basi. Baada ya hapo nilikuwa mbele ya watu."

Saa ya ukutani ilikaribia saa nne na nusu.

"Basi nguvu yake imekwisha zamani. Nitakwangua hivyo hivyo. Neva za konea huingia kutoka ukingoni, zikielekea katikati. Katikati huenda zimekufa. Ukingoni, kama kuna iliyo hai, ataruka, nasi tutakuwa na cha kuanzia. Mshike kichwa, umshike barabara."

Paraschiva alimshika mwanawe kwa viganja viwili. Kijembe cha daktari kilishuka katikati ya lile doa, kikakwangua, kikainuka, kikashuka tena. Ilarie hakutikisika. Tangu aanze kazi hii Paraschiva alikuwa amewasihi wagonjwa watulie. Sasa aliomba kwa moyo wake wote huyu mmoja apige ukelele. Kijembe kilisogea nje kidogo kidogo, kikaivuka ile pete nyeupe, kikafika ukingoni, pale konea inapokutana na weupe wa jicho. Kikakwangua hapo, mara moja, mara mbili. Mkono wa daktari ukasita.

Mabega ya Ilarie yalikuwa yamelegea, na pumzi yake ilipita kwa utulivu juu ya kifundo cha mkono wa mama yake.

"Samahani, Daktari," aliuliza kwa adabu, "mnaanza saa ngapi?"